Kalasinga wa Kericho na Gari la Mtumba

Sisi tuliokulia Igowole tumelijua tope kabla ya kuijua lami. Mvua za Machi na Aprili zikianza kumwaga Mufindi, ile barabara nyekundu inayokatiza mashamba ya chai inakuwa kama imepakwa sabuni. Fuso la mbao linalala ubavu, Noah zinapanga foleni nyuma yake, na abiria tunashuka kusukuma, viatu mkononi, suruali tumekunja hadi magotini. Kwa hiyo niliposoma mara ya kwanza habari za Joginder Singh sikuhitaji kuelezwa ukubwa wake uko wapi. Yule mtu alikuwa akishindana na saa kwenye barabara kama yetu, usiku na mchana, kwa maelfu ya kilomita, tena kwenye mvua za Pasaka.

Hosteli ninakokaa kuna jamaa wanaijua Formula 1 mpaka majina ya mafundi wa matairi. Ukiwauliza Joginder ni nani, wanadhani ni mwenye duka la spea Kariakoo. Siwalaumu sana, maana hata mimi nilimjua kwa bahati tu, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa. Lakini jamani, huyu ni wa kwetu.

Alizaliwa Kericho, Kenya, tarehe 9 Februari 1932. Kericho nayo ni nchi ya chai, ya baridi na ukungu, ukiiona picha yake bila maelezo unaweza kuapa ni Mufindi. Familia yake walikuwa Masingasinga, au Kalasinga kama wazee wetu walivyozoea kuwaita, watu wa vilemba ambao mji mzima ulikuwa unawajua kwa ufundi: reli, useremala, magari. Baba yake alikuwa na gereji, na Joginder alisomea humo. Chuo chake kilikuwa chini ya uvungu wa gari, mafuta machafu yakimdondokea usoni. Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake ikiwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia walioharibikiwa. Hebu fikiria kazi hiyo. Kila siku unakutana na gari lililokufa, na inabidi ujue limeuawa na nini. Sijui shule nzuri kuliko hiyo kwa mtu anayetaka kuwa dereva wa mashindano.

Mashindano yenyewe yalianza 1953, kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, kisha yakajulikana kama East African Safari. Yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara hazikufungwa. Ng'ombe walikuwepo, mabasi yalikuwepo, na akina mama wa sokoni nao walikuwepo na mizigo yao. Kila kituo kilikuwa na muda wake, ukichelewa dakika unahesabiwa adhabu, na mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Ukisikia hivyo unaona rahisi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakaondoka 91, yakamaliza saba tena. Mengine yalibaki mitoni, makorongoni na kwenye tope.

Joginder aliingia Safari mwishoni mwa miaka ya 1950. Kilichomfanya ajulikane hasa ni mwaka 1965, na hapa naomba nitulie kidogo.

Mwaka wa nyuma yake kampuni ya Volvo ilileta timu yake kutoka Sweden na magari ya PV544, yale ya mgongo wa duara kama kobe. Safari ikawashinda. Gari mojawapo lilibaki huku, limeshatumika, limeshapondwa na barabara zetu. Joginder akalichukua. Yaani kwa lugha yetu, mtumba. Akalifungua na kulifunga upya kwa mikono yake, akamkalisha mdogo wake Jaswant kiti cha pembeni, na ndugu hao wawili wakashinda Safari ya 1965 kwa tofauti ya zaidi ya saa moja na nusu. Kwenye mashindano ambayo watu hunyang'anyana dakika, saa moja na nusu ni muda wa kuoga, kula na kusinzia kabla wa pili hajafika. Gari lililowashinda wenyewe waliolitengeneza.

Kiukweli siamini kwamba alikuwa na mguu mzito kuliko wenzake wote. Wapo waliokuwa na kasi kumzidi. Ila fundi husikia mambo ambayo dereva wa kawaida hayasikii: bearing inayoanza kulia, springi iliyochoka, injini inayopata joto. Fundi anajua gari litavumilia nini, na saa ngapi litagoma. Joginder alianza Safari 22 katika maisha yake na kumaliza 19. Rudi juu usome tena ile habari ya magari saba, halafu uitazame hiyo 19. Mimi naihesabu kuwa kubwa kuliko makombe yake.

Na makombe yalikuwepo. Tangu 1953 hakuna mgeni kutoka ng'ambo aliyewahi kushinda, ushindi ulikuwa wa wakazi wa huku, kama Bert Shankland wa Dar es Salaam aliyechukua 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland akavunja mwiko huo. Wengi waliona zama za wenyeji zimekwisha, kwamba sasa ni zamu ya viwanda na mabingwa wao wa kulipwa. Mwaka 1974 Joginder, umri miaka 42, akaingia na Mitsubishi Lancer ndogo ya injini ya 1600, msaidizi wake David Doig, akamwacha nyuma Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche 911. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika ubingwa wa dunia wa rali. Mwaka 1976 akarudia, na Lancer zikashika nafasi zote tatu za juu. Akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Wewe mwenye picha ya Lancer Evolution ukutani gheto, ukoo wa gari lako umepitia mikononi mwa fundi wa Kericho.

Wazungu walimpa jina la Singasinga Anayepaa. Kuna jambo hapo huwa linanisumbua. Miaka ileile aliyokuwa akishangiliwa kando ya barabara, watu wenye asili kama yake walikuwa wanaulizwa kama hapa ni kwao. Uganda mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza kabisa, na mmoja wa waliohamia Kenya, Shekhar Mehta, ndiye aliyekuja kushinda Safari mara tano na kuipita rekodi ya Joginder. Tukishinda ni wetu, tukikasirika ni Wahindi. Nimewahi kulisema hili kwenye mjadala mmoja wa usiku hosteli na nusura nitolewe nje. Sijabadilisha mawazo. Mtoto aliyezaliwa kwenye mashamba ya chai, akala vumbi la nchi tatu na kuzijua njia zake kuliko wanasiasa wanaozihutubia, sioni tumpeleke wapi pengine.

Alifariki London, tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Safari yenyewe ilishaondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 huko Naivasha. Siku hizi barabara za mashindano hufungwa, helikopta ziko juu, na dereva usiku analala hotelini.

Pasaka iliyopita nilirudi Igowole. Fuso lilikuwa limelala palepale linapolalaga, chini ya kilima. Kijana wa gereji ya jirani alikuja na jeki mbili na magogo, akazunguka gari mara moja bila kusema kitu, akainama, akasikiliza injini. Tulisubiri dakika arobaini. Likatoka.