Goldie Gardner: Mwenye bakora aliyeikimbiza injini ndogo kuliko ya Probox

Kila Jumamosi usiku huku kwetu utawasikia vijana wakinguruma na Subaru barabarani, na kila mmoja anaamini mwendo ni ukubwa wa injini. Mimi nikiwasikia humkumbuka Mwingereza mmoja, marehemu Goldie Gardner. Gari lake lilikuwa na injini ya cc 1,100 hivi. Probox inayokupeleka Mtwapa ina cc 1,300 au 1,500.

Gardner alizaliwa 1890. Alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa afisa wa mizinga, akatunukiwa nishani, kisha ndege aliyopanda ikaangushwa na mguu wake ukaumia vibaya. Mnamo 1932 akapata ajali mashindanoni kule Ireland, mguu ule ule ukaumia tena. Tangu hapo alitembea kwa bakora. Mbio za kona na kusukumana hakuziweza tena, lakini kwenda moja kwa moja aliweza, na huko ndiko alikoelekea.

Rekodi za mwendo, msomaji wangu, hugawanywa kwa ukubwa wa injini, kama ndondi zinavyogawanywa kwa uzani. Dereva huingia kwenye kilomita iliyopimwa tayari akiwa mbio, kisha hurudi upande wa pili, na wastani ndio huandikwa. Ukibebwa na upepo wakati wa kwenda, utakutana nao wakati wa kurudi.

Gardner hakulipwa mshahara na timu yoyote. Gari lake, MG, lilikuwa na mifupa ya mwaka 1934 aliyowahi kuitumia George Eyston. Mhandisi Reid Railton akalivisha bodi jipya, la chini na laini kama samaki. Injini ilikuwa na silinda sita ndogo na pampu ya kuisukumia hewa kwa nguvu.

Barabara aliipata Ujerumani ya Hitler. Hapo sina maneno matamu: utawala ule ulipenda rekodi kwa sababu ziliupamba, na Gardner alilijua hilo. Barabara zenyewe zilikuwa za hatari. Januari 1938, Bernd Rosemeyer, kipenzi cha Wajerumani, alifia kwenye barabara ya aina hiyo akiifukuza rekodi. Gardner alikwenda mwaka huo huo, akarudi tena 1939.

Mwisho wa Mei 1939, karibu na Dessau, mtu huyu wa karibu miaka hamsini alipita maili 203 kwa saa, zaidi ya kilomita 320. Kilichofuata ndicho kinachonifurahisha zaidi. Mafundi wake hawakulala. Waliziongeza upana silinda injini ikiwa bado ndani ya gari, kiasi kidogo tu, ili lipande kundi la juu la cc 1,500. Baada ya siku chache akaichukua na rekodi hiyo. Fundi yeyote wa Kisauni atakwambia kazi hiyo ina maana gani ukiwa mbali na gereji yako.

Miezi mitatu baadaye wenyeji wake na nchi yake walikuwa vitani.

Vita vilipokwisha alihamia Jabbeke, Ubelgiji, na gari lile lile. Sasa aliipunguza injini badala ya kuiongeza. Mwaka 1946 alipita maili 159 kwa cc 750. Baadaye mafundi wakazizima silinda tatu kati ya sita ili apate kundi la cc 500, na 1950 wakamwachia silinda mbili tu kwa kundi la cc 350. Huko kuzima kwataka akili kuliko kuongeza, maana injini isiyo na mizani hujitikisa hadi kujivunja.

Mwaka 1952, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, gari liliteleza likagonga nguzo ya alama, nayo ikampiga kichwani. Hakukimbiza tena. Alifariki 1958. Gari lake limehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Uingereza.