Bwana Strowger na Mtambo wa Simu

Almon Strowger alizaliwa mwaka 1839 karibu na mji wa Rochester, nchini Marekani. Alipokuwa kijana alipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo. Baadaye alifundisha shule. Kisha akashika kazi ya kuandaa mazishi, na akaifanya katika mji wa Kansas City. Watu waliofiwa walimwendea awapatie jeneza.

Wakati ule simu zilikuwapo, lakini hukuweza kumpigia mwenzako moja kwa moja. Nyaya zote ziliishia katika kituo kimoja. Hapo alikaa opereta. Ulimtajia mtu unayemtaka, naye akachomeka waya wako katika tundu la mtu huyo. Basi opereta alikuwa na nguvu kubwa. Akikosea, au akipendelea, wewe hujui.

Strowger aliona wateja wanampita. Inasimuliwa kwamba opereta mmoja alikuwa mke wa mshindani wake, na kwamba mama huyo aliwaelekeza wafiwa kwa mumewe. Huenda hadithi hii imetiwa chumvi. Lakini ni kweli kwamba Strowger aliwashuku maopereta. Na kwa mwenye kazi ya mazishi jambo hili si dogo, kwa maana mfiwa akishapata jeneza hatafuti la pili.

Akaamua kubuni mtambo wa kushika kazi ya opereta. Hakuwa fundi wa umeme, ila wengine walimsaidia. Mwaka 1891 serikali ilimpa hati ya haki ya uvumbuzi wake.

Tuutazame mtambo huo kama ulivyokuja kuzoeleka. Kuna mkono mdogo wa chuma. Mbele yake kuna safu 10, na kila safu ina ncha za nyaya 10. Jumla ni wateja 100. Ukipiga 34, mkono hupanda hatua 3, kisha huzunguka hatua 4, ukagusa waya wa mtu unayemtaka. Mtambo hauna shemeji wala jirani.

Tarehe 3 Novemba 1892 kituo cha kwanza cha namna hii kilifunguliwa katika mji mdogo wa La Porte, jimbo la Indiana. Kilikuwa na wateja 75 hivi. Walipiga namba kwa kubonyeza vitufe. Kile kisahani cha kuzungusha kwa kidole kilibuniwa na mafundi wa kampuni yake mwaka 1896.

Baadaye ofisi kubwa nazo ziliweka mitambo yao. Karani akapiga namba fupi na kumpata mwenzake wa chumba kingine, hata wa tawi la mji mwingine. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta.

Strowger mwenyewe aliuza haki zake mwaka 1896 kwa dola 1,800. Mwaka 1898 akauza na fungu lake katika kampuni kwa dola 10,000. Alihamia Florida, akafariki huko mwaka 1902. Mwaka 1916 haki zile zile ziliuzwa kwa kampuni ya Bell kwa dola 2,500,000.