Edward Steere na Mtoto Anayeanza Kusoma Bariadi

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria hadi kupata shahada ya udaktari, kisha akaingia katika ukasisi. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Wanafunzi wa kwanza wa misheni hiyo walikuwa wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa na Sultani Majid. Wengi waliowafuata walikuwa wenyeji wa bara, ambao Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya kujifunza.

Hali hiyo iliipa kazi ya Steere mwelekeo wake. Aliwasikiliza kwanza wasemaji wa Kiunguja, ndipo akakiandika kwa hati za Kirumi, kila irabu ikiwa na sauti yake. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi na kingine cha hadithi za Unguja. Mtindo wake ulikuwa na kasoro, kwani aliandika th hata katika neno dhahabu. Hata hivyo, msingi aliouweka ulidumu, na mwaka 1928 Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Steere, aliyekuwa askofu tangu 1874, alifariki Unguja mwaka 1882.

Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba alikusanya pia msamiati na sarufi ya Kiyao, Kishambala na Kinyamwezi. Kinyamwezi ni ndugu wa karibu wa Kisukuma, lugha ya nyumbani ya watoto wengi wa Bariadi, mkoani Simiyu. Kisukuma kina irabu saba na toni, wala hakina sauti za th, dh na gh. Kwa hiyo mtoto wa darasa la kwanza hukabiliwa na kazi mbili kwa pamoja: kujua herufi na kujifunza lugha. Huweza kutamka ba, be, bi, bo, bu bila kigugumizi, lakini asipate maana ya neno analolisoma. Akikwama, huhesabiwa kuwa mzito wa akili.

Mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu ulioanza mwaka 2015 ulitilia mkazo sauti za herufi, na hilo ni jema. Lakini maisha ya Steere yanaonyesha kwamba ujuzi wa lugha ya mwanafunzi hutangulia ubao. Mwalimu anayeijua lugha hiyo hubaini iwapo kosa ni la herufi, la matamshi au la msamiati, naye hamlaumu mtoto kabla ya kumsikiliza.