Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, Bwana wa Gazi

Mwenye kusafiri kutoka Mombasa kwenda Vanga, akiiacha njia kuu na kuelekea baharini, hufika Gazi, mji mdogo wa minazi na mikoko. Hapo ipo nyumba kubwa ya kale ambayo baadaye ilifanywa skuli, watoto wakasoma hesabu mahali palipokuwa pakifanyiwa mashauri ya vita. Nyumba hiyo ilikuwa ya Sheikh Mbaruk bin Rashid. Yampasa mwenye kuizuru ajue khabari za mwenyewe, asije akatazama kuta tu akarudi.

Baba yake, Rashid bin Salim, ndiye wa mwisho katika Mazrui kuitawala Mombasa. Mwaka 1837 alisadiki amani aliyopewa na upande wa Sayyid Said bin Sultan, kisha akakamatwa pamoja na wakubwa wa jamaa yake, wakapelekwa Bandar Abbas, wakafia kifungoni. Mbaruk alikuwa mtoto mdogo. Mwenye kuyatafakari mambo yake yote ya baadaye na asiisahau khiana hii, kwani mtoto aliyeachwa yatima na ahadi hazisadiki ahadi upesi.

Mazrui waliobaki wakagawanyika, wengine Takaungu, wengine Gazi. Mbaruk alipoushika ukubwa wa Gazi alipigana na dola ya Unguja mara nyingi, akapatana nayo mara nyingi. Mwaka 1882 aliishambulia Vanga. Majeshi ya Sayyid Barghash, yakiongozwa na Mwingereza Mathews, yakamfuata hata ngome yake ya Mwele, katika milima ya bara. Baadaye alipandisha bendera ya Wadachi Gazi, kisha akala mshahara wa Kumpania ya Waingereza. Wala haifai kuyaficha haya, wala kuficha kwamba nguvu zake nyingi zilikuwa kwa watumwa. Hakuwa walii, alikuwa mtu aliyetaka kubaki bwana wa nchi yake.

Mwaka 1895 alikufa Salim bin Khamis, mkubwa wa Takaungu. Kumpania ikamweka mwanawe, Rashid, ikamwacha Mbaruk mwengine, wa Takaungu, aliyekuwa na haki kwa umri. Huyu akaasi, akakimbilia Gazi kwa jamaa yake. Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wa Sheikh Mbaruk, naye sasa ni mzee: amtoe aliyeingia himayani mwake, aendelee kula mshahara na kulala nyumbani, au amlinde apoteze vyote. Alisitasita, akaandikiana na Waingereza, siku zikapita. Mwisho hakumtoa.

Waingereza wakaja Gazi kwa askari, akapanda Mwele. Tarehe 17 Agosti 1895 Admirali Rawson akaitwaa Mwele. Lakini vita havikwisha, kwani Mazrui na wafuasi wao walijificha misituni na kuizunguka pwani yote hata Malindi, na Waingereza wakalazimika kuleta askari kutoka Bara Hindi. Mashamba yakaharibika, na maskini wasiokuwa na upande wakapata njaa.

Mwezi wa Aprili 1896 Sheikh Mbaruk alivuka mpaka na watu wake, akatoa silaha kwa Wadachi. Wakampa makao Dar es Salaam. Huko akaishi mgeni, mbali na Gazi, hata alipokufa mwaka 1910, Mwenyezi Mungu amrehemu.