Leonardo wa Pisa, mtoto wa duane ya Bejaïa

Mtu ambaye vitabu vya shule vinamwita Fibonacci hakulisikia jina hilo maishani mwake. Watu wa mji wake walimwita Leonardo Pisano, yaani Leonardo wa Pisa, naye katika vitabu vyake alijitambulisha kuwa wa ukoo wa Bonacci. Jina la Fibonacci lilienezwa na mwanahistoria Guillaume Libri mwaka 1838, miaka mia sita baadaye. Alikuwa na jina jingine pia, Bigollo, na juu ya maana yake wasomi hawapatani: wengine wanasema ni mtu wa safari, wengine wanasema ni mtu asiye na kazi ya maana. Kwa maoni yangu maana zote mbili zinamfaa mtu aliyeutumia ujana wake akizunguka Bahari ya Kati kutafuta namna ya kuandika hesabu.

Alizaliwa Pisa, Italia, karibu na mwaka 1170. Pisa wakati ule ilikuwa jamhuri ya mabaharia na wafanyabiashara, yenye maghala na mawakala kila ng'ambo. Baba yake, Guglielmo, alitumwa kuwa mwandishi wa wafanyabiashara wa Pisa katika duane ya Bejaïa, bandari ya Algeria ya leo. Waitaliano waliiita Bugia, Wafaransa Bougie. Nta nyingi ilitoka huko, na ndiyo sababu mshumaa kwa Kifaransa unaitwa bougie. Nasi tunaponunua buji umeme ukikatika tunataja bandari ya Afrika bila kujua. Hata neno duane lilipita njia hiyo hiyo: Waitaliano walilichukua kwa Waarabu, kwenye neno diwani, wakawapa Wafaransa.

Baba alimwita mwanawe akiwa bado kijana, akataka afundishwe hesabu palepale Bejaïa kwa siku kadhaa. Ninaomba msomaji akae kidogo hapa, kwa sababu mara nyingi tunasimuliwa kwamba elimu ya namba ilitoka Ulaya ikaja kwetu kwa meli. Mtoto wa Ulaya alitumwa shule Afrika, kwa sababu baba yake, mtu wa biashara, aliona kwamba huko ndiko watu walikohesabu vizuri zaidi.

Alifundishwa nini? Hapa lazima tutofautishe vitu vitatu ambavyo watu wengi, hata wanafunzi wa fakalti yetu, wanavichanganya. Kuna idadi yenyewe: mbuzi watano ni watano, awepo mtu wa kuwataja au asiwepo. Kuna neno la idadi, ambalo kila lugha ina lake: tano, cinq, quinque. Na kuna tarakimu, yaani alama tunayoiandika. Alama si ya lugha yoyote. Mchina, Mluba na Mwitaliano wakiona 5 wanasoma kila mtu kwa lugha yake na wote wanaelewana.

Pisa walikuwa na alama za Kirumi. Alama hizo zinahifadhi idadi vizuri, lakini hazikubali kufanyiwa kazi. Idadi ya 888 kwa Kirumi inadai herufi kumi na mbili, DCCCLXXXVIII, na mtu akitaka kuizidisha mara 27 inabidi aache kalamu, achukue ubao wa kuhesabia na vijiwe, apate jibu, kisha arudi kuliandika. Ubao hauachi alama. Kosa likitokea katikati hakuna anayeweza kulitafuta. Kule Bejaïa Leonardo alikuta watu wanahesabu kwa alama tisa kutoka Uhindi, na ya kumi ya kuonyesha mahali patupu. Thamani ya alama inategemea mahali inaposimama: 3 katika 35 ni makumi, katika 305 ni mamia, na ile 0 ya katikati inashikilia nafasi ili 3 isiteleze. Hesabu na maandishi yanakuwa kitu kimoja, na mtu mwingine anaweza kukagua kila hatua.

Leonardo hakuwa mtu wa kwanza wa Ulaya kuziona alama hizi. Hati moja ya Hispania ya mwaka 976 inazo zile tisa bila sifuri. Kitabu cha hesabu cha Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye jina lake limetupa neno algoriti, kilikuwa kimetafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12. Lakini elimu hiyo ilibaki kwa watawa na wasomi. Leonardo alikuwa mtoto wa duane. Alipokua alisafiri kwa biashara Misri, Syria, Ugiriki, Sicily na Provence, na kila alipofika alijadiliana na watu juu ya namna yao ya kuhesabu na kuilinganisha na ile ya Wahindi. Sisi tungesema alifanya utafiti wa uwanjani, kabla neno hilo halijakuwepo.

Mwaka 1202 alimaliza kitabu chake kikubwa, Liber abaci, na nakala tunazozisoma leo zinatokana hasa na toleo alilolisahihisha mwaka 1228. Kina sura kumi na tano. Mwanzoni anaonyesha alama tisa akizipanga kuanzia 9 kushuka hadi 1, mpangilio unaoeleweka ukikumbuka kwamba walimu wake walisoma kutoka kulia kwenda kushoto. Baada ya hapo kitabu kinaingia sokoni na kukaa humo muda mrefu. Pilipili manga kiasi hiki inauzwa bei hii, je, nusu yake na robo? Mtu ana ngozi na anataka kitambaa, wabadilishane vipi bila pesa? Watu watatu wameweka mitaji tofauti katika biashara moja, faida igawanywe namna gani? Kila mji ulikuwa na sarafu yake na mizani yake, kwa hiyo kurasa nyingi ni za kubadilisha pesa. Kambiste wa kwetu anayekaa barabarani na mafungu ya franka mbele yake angeziona kurasa hizo kuwa za kazi yake kabisa.

Kuna pia mafumbo ya kuchezea. Wanawake wazee saba wanakwenda Roma. Kila mmoja ana nyumbu saba, kila nyumbu magunia saba, kila gunia mikate saba, kila mkate visu saba, kila kisu ala saba. Jumla ni 137 256. Fumbo la namna hiyo lipo katika papiri ya Misri ya kale iitwayo Rhind, lenye nyumba saba, paka saba kwa kila nyumba, panya saba kwa kila paka, na kuendelea hadi nafaka. Na kuna lile la sungura: jozi moja inazaa jozi kila mwezi, na watoto wanaanza kuzaa katika mwezi wa pili, baada ya mwaka jozi ni 377. Fumbo hili limeimeza sifa yake yote. Ukimtaja Fibonacci leo mtu anakujibu sungura, maua na konokono, wakati kwake lilikuwa zoezi moja kati ya mamia, na hakuonyesha kwamba analithamini kuliko mengine. Naona ni hasara. Ni kama kumkumbuka mwandishi wa kamusi nzima kwa neno moja.

Mwanaisimu ana sababu yake ya kukisoma kitabu hiki. Ile alama ya mahali patupu Leonardo aliita zephirum. Waarabu waliiita sifr, kitu kitupu, wakifasiri neno la Kisanskriti sunya lenye maana hiyohiyo. Zephirum ikawa zefiro kwa Kiitaliano, kisha zero, na Wafaransa wakaichukua. Sifr hiyohiyo kwa njia nyingine ikawa cifra, ambayo kwa Kifaransa ni chiffre. Na kwa njia ya tatu, pwani ya mashariki ya Afrika, ikawa sifuri. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayesema zéro kwa Kifaransa na babu yake anayesema sifuri wanatumia neno moja lililofika kwa barabara mbili.

Tukiwa hapo, tutazame namba zetu wenyewe. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Ziliondoa tandatu, fungate na kenda. Fungate imebaki kwa siku saba za maharusi, na kenda bado inasikika huku mashariki ya Kongo. Na pale Kiswahili cha pwani kinaposema ishirini, kwa Kiarabu, sisi tunasema makumi mbili. Kuna wanaotucheka kwa hilo. Mimi sioni cha kuchekwa: anayesema makumi mbili na tano anataja kwa sauti kile ambacho 25 inaonyesha kwa nafasi zake, makumi mawili na tano juu yake. Leonardo angelifurahia neno hilo darasani.

Sifa zake zilimfikia mfalme mkuu Frederick wa Pili, ambaye alipokuja Pisa karibu na mwaka 1225 alikuwa na msomi wake, Johannes wa Palermo, aliyemtungia Leonardo maswali magumu. Alitakiwa kutafuta namba ambayo mraba wake ukiongezwa 5 au ukipunguzwa 5 unabaki mraba. Alijibu 41/12, na jibu ni sahihi. Katika maandishi ya miaka hiyo lipo jambo lingine ninalolipenda zaidi. Alikutana na swali la watu wanaogawana fedha ambalo jibu lake linashuka chini ya sifuri. Wasomi wa Ulaya wa wakati wake wangesema jibu kama hilo halipo. Leonardo, mtu wa duka, akasema swali linajibika tukikubali kwamba mtu wa kwanza ana deni.

Mwaka 1240 Jamhuri ya Pisa iliamua kumlipa pauni ishirini kila mwaka, kwa sababu alikuwa anaushauri mji na maofisa wake juu ya mahesabu. Baada ya hapo jina lake halionekani tena katika hati za mji.

Alama alizozileta hazikupokelewa kwa shangwe. Mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kilikataza wanachama wake kuandika kiasi cha fedha kwa tarakimu katika daftari zao. Waandike kwa maneno. Hofu yao ilikuwa na msingi. 0 inageuzwa 6 kwa mkia mmoja wa kalamu, na anayeongeza alama moja mwishoni amezidisha deni mara kumi. Sisi nasi bado tuna hofu hiyo: kwenye risiti tunaandika kiasi kwa tarakimu, kisha tunakirudia kwa maneno, na vikipingana ni maneno yanayoaminiwa.

Kilichozishindia tarakimu hizo ni lugha. Liber abaci ni kitabu kinene cha Kilatini, na mtoto wa muuza sufu hakujua Kilatini. Tangu mwisho wa karne ya 13 miji ya Italia ilianza kufungua shule za abaco, ambako walimu waliwafundisha watoto wa wafanyabiashara hesabu hizi kwa Kiitaliano cha nyumbani kwao, wakitumia vitabu vidogo vilivyoandikwa kwa lugha hiyo. Maswali mengi ni yale ya Leonardo, bei zikiwa zimebadilishwa. Huko Padua na Bologna vyuo vikuu viliendelea na Kilatini chao, huku karani wa miaka kumi na tano pale Florence akizidisha haraka kuliko mwalimu wa chuo. Kwetu mtoto anaanza hesabu kwa Kiswahili katika miaka ya kwanza ya shule, kisha anaziacha na kuanza upya kwa Kifaransa, na bei za sokoni anaendelea kuzitaja kwa lugha zote mbili katika sentensi moja. Sijaona bado mwenzetu aliyeandika mémoire juu ya jambo hilo, na somo lipo wazi.

Mwaka 1494 Luca Pacioli alipiga chapa Venezia kitabu kikubwa cha hesabu, ndicho kilichoeneza daftari lenye pande mbili, la deni na la mali. Alikiandika kwa Kiitaliano, na humo akakiri kwamba mengi ameyatoa kwa Leonardo wa Pisa.