Dorkasi wa Uhuru Park

Somo: Matendo 9:36–42, Yeremia 29:7



Katika Matendo 9 tunasoma habari za Dorkasi wa Yafa. Hakuna mahali tunaambiwa mama huyu alihubiri. Alishona nguo, basi. Lakini alipokufa wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu alizowashonea. Hawakutaja cheo chake. Kazi ya mikono yake ndiyo ilimsemea. Wiki hii nataka tumkumbuke mama mmoja wa hapa kwetu Nairobi ambaye kazi yake bado inamsemea, na wengi wetu tunaipita kila siku tukienda mjini: Profesa Wangari Maathai.

Najua kuna atakayeuliza, huyo si alikuwa Mkatoliki, tena mtu wa kuzozana na serikali, anaingiaje katika jarida letu? Ngoja kidogo, mpendwa. Bwana Yesu mwenyewe alipotaka kufundisha habari za jirani mwema hakumchagua Mlawi. Alimchagua Msamaria.

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Siku hizo msichana wa mashambani kukaa nyumbani bila shule lilikuwa jambo la kawaida tu. Ni kaka yake Nderitu aliyemuuliza mama yao mbona Wangari hasomi kama wao, na mama akakubali. Alisomea kwa masista Mathari, kisha Loreto Limuru, na mwaka 1960 akawa miongoni mwa vijana waliopelekwa Marekani kusoma wakati wa kina Tom Mboya. Alirudi mwaka 1966, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufika hapo. Angeweza kukaa na vitabu vyake na mshahara wake, na hakuna ambaye angemlaumu.

Mwaka 1974 mume wake aligombea ubunge wa Lang'ata. Katika kampeni watu waliahidiwa kazi. Sote tunajua ahadi za kura huenda wapi kura zikishahesabiwa. Mama huyu hakuweza kusahau zile nyuso. Akaanzisha kampuni ndogo, Envirocare, ili watu wapate kazi ya kupanda na kutunza miti. Haikufika mbali. Lakini wazo halikufa. Katika Baraza la Kitaifa la Wanawake alisikia kina mama wa mashambani wakilia kwamba kuni zimekwisha, mito imekauka na watoto hawali vizuri. Akaona kwamba mengi ya hayo yanaanzia mahali pamoja: miti imekatwa na hakuna aliyeirudisha. Tarehe 5 Juni 1977 waliandamana kutoka Jumba la Mikutano la Kenyatta hadi Kamukunji, wakapanda miti saba. Hapo ndipo Green Belt Movement ilipoanzia.

Wataalamu wa misitu walisema kupanda miti kunahitaji masomo. Kina mama wakaokota mikebe na vyungu vilivyopasuka, wakaotesha mbegu kama walivyozoea kuotesha mahindi na maharagwe. Na kuna jambo moja nataka mlishike sana. Mama hakulipwa kwa mche alioupanda. Alilipwa, pesa kidogo tu, kwa mche ulioshika. Wapendwa, sisi huhesabu watu waliokuja mbele madhabahuni, tunapiga makofi, tunaandika idadi. Ni nani anayerudi baada ya miezi sita kuangalia kama wameshika mizizi? Utaratibu ule wa kina mama wa mashambani ungetufaa hata sisi katika kazi ya kufuatilia waongofu.

Sasa nifike pagumu. Mwaka 1979 ndoa yake ilivunjika mahakamani, na magazeti yakaandika kila kitu. Kwa kuikosoa mahakama alifungwa katika jela ya wanawake ya Lang'ata, akatoka baada ya siku tatu. Mume hakutaka aendelee kutumia jina lake, kwa hiyo Wangari akaongeza herufi moja, a, Mathai ikawa Maathai, akasonga mbele na watoto wake watatu. Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo kikuu ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na kazi ile hakurudishiwa. Hakuwa na mume, hakuwa na mshahara, hata nyumba ya chuo ilibidi aihame.

Sisemi ndoa ni kitu kidogo, wala sisemi kuvunjika kwake ni kuzuri. Lakini tuseme ukweli wa nyumba yetu. Mama wa namna hii akija kwetu anakaa wapi? Nimeona dada zetu ambao ndoa zao zilivunjika wakisogea viti vya nyuma kidogo kidogo, wakiondolewa katika huduma, mpaka siku moja huwaoni tena. Kama Wangari angekuwa wetu mwaka ule wa 1979, naogopa tungempoteza, na pamoja naye tungepoteza yote yaliyofuata.

Na yaliyofuata ni haya. Mwaka 1989 ilijulikana kwamba jengo la ghorofa 60 lingejengwa ndani ya Uhuru Park. Fikiria mtu wa Kawangware, Kangemi au Kibera anayelala chumba kimoja na watoto wanne. Jumapili jioni atawapeleka wapi wakimbie kwenye nyasi? Mama huyu aliandika barua huku na huko, nchini na nje. Alitukanwa bungeni, alidharauliwa mikutanoni, na shirika lake likafukuzwa katika ofisi. Akahamishia kazi nyumbani kwake South C. Mwishowe waliotarajiwa kutoa fedha walirudi nyuma na jengo halikujengwa. Tumefanya mikutano mingapi ya injili pale Uhuru Park? Wako kati yetu waliookoka kwenye nyasi zile. Tukitoa ushuhuda, tukumbuke pia ni nani aliyesimama ili nyasi zibaki.

Mwishoni mwa Februari 1992 kina mama wazee ambao wana wao walikuwa wamefungwa kwa sababu za kisiasa waliketi katika pembe ya bustani hiyo, wakaanza kufunga kula wakidai wana wao waachiliwe. Wangari aliketi nao. Tarehe 3 Machi polisi walikuja na marungu na gesi ya kutoa machozi. Yeye alipigwa mpaka akazimia, akapelekwa hospitalini. Baadhi ya kina nyanya wale walivua nguo zao mbele ya askari, na kila aliyelelewa kwa mila zetu anajua uzito wa jambo hilo. Kisha wakavuka barabara, na Kanisa Kuu la All Saints likawafungulia mlango. Walikaa humo chini karibu mwaka mzima, mpaka wana wao wakaachiliwa.

Mimi nikiwa ndani ya matatu kutoka Kawangware tukiteremka Valley Road, nikifika pale huwa naangalia kushoto, kanisa, na kulia, bustani. Katikati ni barabara tu. Ndipo najiuliza: siku ile kama kina mama wale wangebisha mlango wetu sisi, tungewafungulia? Ama tungewaambia tutawaombea?

Januari 1999 aliumizwa kichwa na watu waliokodiwa, alipokwenda kupanda miti msituni Karura, ambako ardhi ilikuwa imegawiwa wajenzi. Hata hivyo msitu uko. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimchagua kuwa mbunge, na tarehe 8 Oktoba 2004 dunia ikasikia kwamba amepewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Siku ile ile, huko Nyeri, alipiga magoti akapanda mti. Kufikia wakati huo miti iliyopandwa na kina mama ilikuwa imepita milioni 30.

Alifariki tarehe 25 Septemba 2011 hapa Nairobi kwa saratani, akiwa nyanya aliyemwacha mjukuu mwenye jina lake, Ruth Wangari. Alikuwa ameagiza mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake. Basi likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji, yale magugu yanayosumbua wavuvi Ziwa Victoria. Watu walimuaga Uhuru Park tarehe 8 Oktoba, miaka saba kamili tangu siku ya tuzo. Leo huko Upper Kabete kuna taasisi ya chuo kikuu inayoitwa kwa jina lake.

Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli wautafute usitawi wa mji walimokaa na kuuombea kwa Bwana. Ni mambo mawili, wapendwa: kuutafuta na kuuomba. Kuomba tunajua, hata mikesha hatukosi. Nawasihi mambo mawili basi. Mvua ndefu zikianza, kila ushirika wa nyumbani upande mche mmoja, shuleni au kando ya mto, na tusiuhesabu leo. Tuuhesabu mwaka ujao kama umeshika. La pili, Jumapili hii geuka uangalie viti vya nyuma. Kuna mama pale hajasalimiwa tangu nyumba yake ivunjike. Mwendee, mshike mkono, umlete mbele mketi pamoja. Huwezi kujua Bwana ameweka nini mikononi mwake.

Mungu awabariki.