Maisha ya Henrietta Lacks

Mwalimu mlezi wa chama aliponiambia niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyeaga dunia zamani, wenzangu wa Homa Bay walidhani nitamchagua Tom Mboya wa Rusinga. Mboya ameshaandikwa sana. Mimi nimemchagua mama mmoja mkulima aliyefia mbali, ambaye ugonjwa wake unawaua mama zetu wa Migori na Homa Bay mpaka leo.

Henrietta alizaliwa tarehe 1 Agosti 1920 mjini Roanoke, jimbo la Virginia, Marekani. Mwaka 1924 mamake alifariki akijifungua, watoto wakagawanywa kwa jamaa. Yeye akalelewa na babu yake kijijini Clover, katika nyumba ya magogo iliyokuwa ya watumwa. Kazi yao ilikuwa tumbaku. Sisi wa Migori tunaijua kazi hiyo: kuchuma majani, kuyafunga, kuyakausha, na mtoto naye anakosa shule. Mwaka 1941 aliolewa na David Lacks, wakahamia karibu na Baltimore, ambako mume alifanya kazi katika kiwanda cha chuma. Walipata watoto watano.

Tarehe 29 Januari 1951 alienda hospitali ya Johns Hopkins, ambako watu weusi walilazwa katika wodi zao peke yao. Alikuwa anatokwa na damu ovyo, tena alihisi uvimbe ndani yake. Kumbe ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Akatibiwa kwa radiamu, na bila kuulizwa akakatwa kipande kidogo kilichopelekwa kwa Dakta George Gey. Seli za wagonjwa wengine zilikuwa zikifa baada ya siku chache kwenye maabara. Zake ziliongezeka karibu maradufu kila siku na hazikukoma. Mwenyewe alikufa tarehe 4 Oktoba 1951 akiwa na miaka 31. Seli hizo, zinazoitwa HeLa, zilisaidia kuijaribu chanjo ya polio. Jamaa zake hawakuambiwa lolote hadi miaka ya 1970, na kaburi lake halikuwa na jiwe hadi mwaka 2010. Hapo mimi hukasirika sana.

Chanzo kilijulikana katika miaka ya 1980, wakati kundi la Harald zur Hausen wa Ujerumani lilipokuta ndani ya seli hizo hizo virusi vya papiloma, HPV aina ya 18. Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana. (Wavulana msicheke, nanyi mnavibeba.) Mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe katika miaka miwili hivi. Vikikaa, vinaweza kujichomeka katika jeni za seli na kuwalemaza walinzi wanaoizuia isigawanyike ovyo. Kwanza seli hubadilika tu, bila maumivu yoyote. Kufikia saratani huchukua miaka 15 hadi 20, lakini kwa mama mwenye Ukimwi asiyetumia dawa ni miaka 5 hadi 10. Kaunti zetu mbili ni kati ya zile zenye Ukimwi mwingi zaidi Kenya, kwa hivyo hilo si jambo dogo kwetu.

Katika miaka hiyo yote ugonjwa unaweza kuzuiwa. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, mahali palipobadilika hugeuka peupe, kisha huchomwa au kugandishwa. Mwaka 2016 akina mama wa vijiji vya Migori walipewa nafasi ya kujichukulia sampuli ya kupima HPV wao wenyewe. Shangazi yangu hakupimwa. Alipoanza kutokwa damu watu walisema ni chira, na alipofika hospitalini alikuwa amechelewa.

Kenya ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2019, kuanzia miaka 10. Kijijini kuna uvumi ati chanjo inafunga kizazi, ilhali inazuia tu virusi visiingie. Mdogo wangu ametimiza miaka 10 mwaka huu. Nimemweleza mama habari za Henrietta tangu mwanzo hadi mwisho, naye amesema bado anafikiria.